Miaka 29 Rabai



Juma hili tumeona vyema tuzungumze na watu wanaongoja. Twajua mko wengi. Wako washarika ambao msingi wa kanisa lao ulichimbwa zamani, na mpaka leo kuta hazijafika kwenye madirisha, na kila harambee ikiisha pesa zinatosha saruji tu. Yuko mama aliyeanza kumwombea mwanawe kijana, na sasa mwana huyo ana mvi na bado hajaingia kanisani. Yuko mwinjilisti aliyepelekwa mahali pakavu, akihubiri Jumapili baada ya Jumapili kwa watu wale wale wanne, na mmoja wao ni mkewe. Watu kama hao wakisikia mahubiri ya ushindi wa haraka, mioyo yao huzidi kuwa mizito. Basi leo hatutahubiri ushindi wa haraka. Twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyekaa Rabai miaka 29 bila kurudi kwao Ulaya hata mara moja, akaondoka akiwa kipofu, na Wakristo aliowaacha nyuma yake wakiwa wachache sana.

Jina lake ni Johannes Rebmann. Lakini habari zake hazieleweki bila kumtaja kwanza aliyemtangulia, Johann Ludwig Krapf.

Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, yaani CMS. Alianza kazi Ethiopia mwaka 1837, akafukuzwa huko. Katika kuhangaika njiani mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike jangwani, na mtoto akafa. Walikuwa wamemwita Eneba, maana yake chozi. Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Seyyid Said wa Unguja alikuwa amempa Krapf barua ya kumpitisha kwa maliwali wake, na mnamo Juni 8 mwaka huo huo Krapf akaketi na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin. Ni vizuri sisi Wakristo tusilisahau jambo hilo. Maneno ya kwanza ya Biblia yetu yalipitia mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyekubali kukaa na mgeni na kumfundisha lugha yake.

Juma tano tu baada ya kazi hiyo kuanza, mnamo Julai 13, Rosine alifariki kwa homa. Alikuwa amejifungua tena mtoto wa kike siku chache tu kabla, na mtoto huyo naye hakukawia kumfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Akawazika upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi. Kisha akawaandikia wakuu wake London kwamba wasilihesabu kaburi hilo kuwa dalili ya kushindwa, bali wajue kuwa sasa kazi imeanza kweli kweli.

Wengine husoma habari hiyo wakasema, ni maneno ya mtu aliyepatwa na uchungu. Sisi twaona kuna zaidi. Someni Mwanzo sura ya 23. Ibrahimu alikuwa ameahidiwa nchi nzima, akakaa ndani yake miaka mingi kama mgeni asiye na hata shamba. Sehemu ya kwanza aliyoimiliki kwa haki, kwa kupima shekeli 400 za fedha mbele ya Wahiti, ilikuwa ni mahali pa kumzika Sara. Ahadi ilianza kutimia kwa kaburi. Krapf, aliyekuwa na kitabu hicho hicho mezani pake siku zile, naye pwani yetu hakuwa na chake ila kaburi la mkewe na mwanawe.

Miaka miwili akafanya kazi peke yake. Ndipo Juni 1846 akaja Rebmann, kijana wa miaka 26, mwana wa wakulima wa kijiji cha Gerlingen huko Württemberg. Mnamo Agosti wakapanda kwenda Rabai kwa ruhusa ya wazee wa huko, ili waanzishe kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Punda alikuwa mmoja, wakawa wanampanda kwa zamu, huyu akishuka yule anapanda, mpaka wakafika juu kilimani. Misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika nchi hii ilifika mahali pake hivyo, na wenyewe wakitetemeka kwa baridi ya malaria.

Hapo twapenda msikilizaji atulie kidogo, kwa maana watu hawa wawili hawakuwa namna moja. Krapf alikuwa mtu wa maono. Aliona mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kukata bara lote mpaka pwani ya magharibi. Rebmann, kadiri miaka ilivyopita, alizidi kuwa mtu wa kukaa. Alisema heri kujifunza watu wa mahali pamoja, na lugha yao, kuliko kukimbia kutoka mlima hata mlima. Walipingana juu ya jambo hilo, na chama huko London nacho kilivutwa huku na huku. Twasema haya kwa sababu mara nyingi watakatifu wa zamani husimuliwa kana kwamba hawakupata kupishana neno.

Hata hivyo, mwanzoni Rebmann naye alisafiri, tena sana. Mwaka 1847 alikwenda Taita. Mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, alishika njia ya Uchagani, na asubuhi ya Mei 11 akaona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, naye hakuwa na jibu ila kwamba labda ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akajua mara moja. Wachaga nao walikuwa wameijua tangu mababu zao, lakini hakuna mtu wa London aliyekuwa amewauliza. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, aliandika kwamba haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Rebmann alidhihakiwa kwa muda wa miaka zaidi ya kumi, mpaka wasafiri wengine walipoupima mlima huo mwaka 1861 na 1862. Yeye hakuacha kazi yake kwa ajili ya kujitetea.

Lakini dhihaka za Ulaya hazikumwumiza kama safari yake ya tatu. Mwaka 1849 alikwenda Machame akitumaini kupita mpaka Unyamwezi. Alikuwa na wapagazi na bidhaa za kutosha safari ndefu. Mangi Mamkinga alimpokea, kisha akamtoza zawadi leo, zawadi kesho, mpaka mzigo ukaisha. Bila bidhaa hakuna safari. Rebmann akarudi pwani amechoka, amevunjika moyo, na njia ya kuingia bara kwa upande ule ikafungwa mbele yake.

Wakati huo huo wenzake waliotumwa kuja kumsaidia walikuwa wakifa. Johannes Wagner alifika mwaka 1849 na kufariki mnamo Agosti mwaka huo huo. Christian Pfefferle alifika mwaka 1851, naye hakuishi majuma mengi. Wengine waliugua wakarudi kwao. Jakob Erhardt alidumu miaka michache tu. Mwaka 1853 Krapf mwenyewe, afya ikiwa imeharibika, akaondoka Rabai. Rebmann akabaki pamoja na mkewe Emma, ambaye walikuwa wameoana Cairo mwaka 1851. Mtoto wao mmoja alikufa angali mchanga.

Na Wakristo je? Wa kwanza alikuwa mtu kiwete aitwaye Mringe, ambaye wengine walimdharau kwa kilema chake. Huyo alipenda kukaa usiku akiuliza habari za Mungu na za maisha yajayo. Alibatizwa akiwa karibu kufa, mwaka 1851. Fikirini hesabu hiyo: kituo kimefunguliwa mwaka 1846, makaburi yameongezeka, fedha zimetumika, na tunda la kwanza ni kiwete mmoja anayebatizwa akiwa katika kukata roho. Kama ingekuwa halmashauri yetu ya siku hizi, tungeketi Jumamosi moja tukapiga kura kituo kifungwe. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Sadaka ni ya waumini na yapasa itumiwe kwa busara. Lakini yatupasa kukiri kwamba kwa kipimo chetu Rabai isingaliishi.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo hasa lilitufanya tuchague habari hii.

Rebmann alipozuiwa kuingia bara, bara likamjia mlangoni. Misafara ya biashara ya watumwa ilikuwa ikileta pwani watu kutoka mbali sana. Mmoja wao aliitwa Salimini, aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Malawi. Rebmann akaanza kuketi naye, akimwuliza neno moja moja la lugha ya kwao: jina la jembe, jina la mvua ndogo, jina la mjomba. Yeye mwenyewe Rebmann hakupata kuiona nchi hiyo hata siku moja. Hakuna mmisionari aliyekuwa huko. Hakuna mtu aliyemwagiza kufanya kazi hiyo, wala hakukuwa na msomaji hata mmoja aliyeingojea. Miaka ikapita, na makaratasi yakaongezeka. Pamoja na hayo akaandika kamusi ya Kirabai na maneno ya Kiswahili, akatafsiri Injili ya Luka.

Huko nje dunia ilikuwa ikitembea. Ramani waliyochora yeye na Erhardt kutokana na masimulizi ya wasafiri wa misafara, ikionyesha ziwa moja kubwa katikati ya bara, ilichapishwa mwaka 1856. Ilikuwa na kosa, kwa maana maziwa yaliyo mbalimbali waliyaunganisha kuwa moja, lakini ndiyo iliyowasukuma Waingereza kuwatuma Burton na Speke mwaka 1856. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia upande wa Rabai, na Rebmann na mkewe wakakimbilia Unguja kwa muda. Wakarudi. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann akabaki na wanafunzi wake wachache na makaratasi yake, na macho yakaanza kufifia.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Serikali ya Uingereza katika shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimtembelea mwaka 1873. Alimkuta karibu kipofu, bado ameshughulika na kamusi zake.

Wako waandishi wanaomlaumu Rebmann kwa miaka hiyo ya mwisho. Husema alijizika katika maneno akasahau watu, na kwamba alipaswa kurudi kwao mapema na kuwaachia wengine kazi. Lawama hiyo si ya kutupwa. Ndugu zetu, uvumilivu na ukaidi vikitazamwa kutoka barabarani vinafanana kama mapacha. Mzee wa kanisa anayeshikilia ufunguo wa ofisi miaka 20 atawaambia kuwa anavumilia katika utumishi. Mtu anayekataa kusikia shauri la daktari atasema ana imani. Sisi twadhani pana mahali pa kuvitofautisha: mvumilivu anatunza kitu ambacho mwingine ataweza kukitumia, hata kama yeye mwenyewe hataonekana tena. Mkaidi anatunza kiti chake. Kwa kipimo hicho, twaona Rebmann alikosea katika kuchelewa kuondoka, lakini hakukosea katika kukaa.

Na hebu tazama yaliyofuata. Kutokana na safari ya Frere, CMS waliamka. Mwaka 1875 makao ya watumwa waliowekwa huru yakaanzishwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Rabai nayo ikawa kimbilio la mamia ya watu waliotoroka utumwa. Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik huko India, wakiwemo William Jones na Ishmael Semler, walikuja kuwa walimu na nguzo za Kanisa la pwani, na mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa wote wawili ushemasi. Jones alikuwa amefika Rabai tangu mwaka 1864, katika siku za upweke wa Rebmann. Hakukuta umati. Lakini alikuta mahali ambapo sala ilikuwa haijakoma, na neno la Mungu lilikuwa limeanza kusemwa kwa lugha ya wenyeji.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, awataja watu waliokufa bila kuzipokea ahadi, ambao waliziona kwa mbali tu na kuzishangilia. Twamwomba msikilizaji aisome sura hiyo nyumbani, polepole. Aone kwamba hao hawasifiwi kwa kufanikiwa. Wako kweli waliofunga vinywa vya simba, lakini wako na waliopigwa kwa mawe, na wote wamewekwa katika orodha moja bila kutenganishwa. Mama anayemwombea mwanawe mwenye mvi yumo katika sura hiyo. Na wale wa kuta zisizofika kwenye madirisha, wajue kwamba Ibrahimu naye hakujenga nyumba, aliishi katika hema.

Tena tusidhani kazi ile ya Krapf ya Juni 1844 iliisha upesi. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilipatikana mwaka 1891. Ya Kimvita ikapatikana mwaka 1914. Ile tunayoijua wengi kama Union Version, iliyounganisha Waswahili wa kaskazini na kusini, ilikamilika mwaka 1952. Toka siku ile Krapf alipoketi na kadhi mpaka hapo ni miaka 108. Hakuna mtu mmoja aliyeiona kazi hiyo mwanzo na mwisho wake. Kila mmoja alipokea makaratasi yenye makosa ya mwenzake, akasahihisha, akaongeza, akayakabidhi. Leo mtoto wa Shule ya Jumapili akifungua Yohana 3 hajui habari ya mikono hiyo yote, wala si lazima aijue.

Rebmann aliondoka Rabai mwaka 1875. Kwa kuwa hakuona tena, aliongozwa safari yote na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa wale waumini wachache. Hebu wazia wawili hao melini na katika miji ya Ulaya: kijana aliyefundishwa imani na mzee huyo, sasa ndiye anayemwambia mzee wapi pana ngazi na wapi pana watu. Rebmann akakaa Korntal, karibu na Krapf, ambaye walikuwa hawajakaa pamoja kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Injili yake ya Luka kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1876. Mnamo Oktoba 4 mwaka huo huo akafariki, akiwa na miaka 56.

Yale maneno ya Salimini yalibaki mezani. Krapf, aliyepingana naye juu ya kukaa na kusafiri, ndiye aliyeyachukua, akayapanga na kuyatoa kitabu mwaka 1877. Wakati huo wamisionari wa Kiskoti walikuwa ndiyo kwanza wamefika Ziwa Nyasa, wengine mwaka 1875 na wengine mwaka 1876, kuanza Livingstonia na Blantyre. Waliikuta kamusi ya lugha ya mahali hapo tayari imeandikwa, kwa mkono wa mtu ambaye hakupata kufika, kutoka kinywani mwa mtu aliyetolewa huko kwa minyororo.

Krapf naye alifariki Novemba 1881. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilikuwa bado kutoka, ikachapishwa London mwaka uliofuata.